Kuni za Arvid

Verna Lahti alipoanza kupanga safari ya kambi mwezi wa nne, theluji ingali imelala nyuma ya gereji, nilimwambia usoni: "Jirani, una wazimu." Hakucheka. Alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba yake mwenyewe, kihita cha umeme kikihangaika miguuni pake, na mezani ametandaza ramani ya Ziwa Orrin, kwenye ile hifadhi ndogo ya jimbo ambako yeye na mumewe walipiga kambi kila kiangazi.

"Ndani ya hifadhi kumeshajaa," akasema. "Nimepata shamba la mtu, karibu na lango. Wewe utanisindikiza."

"Nikalale chini? Mie nililala chini vya kutosha Muheza, nikiwa mdogo. Michigan nilikuja kulala kitandani."

"Tunakwenda kuchoma kuni za Arvid."

Hapo nikavuta kiti, nikakaa.

Arvid, mumewe, alifariki mwaka juzi, majani yakianza kupukutika. Moyo. Siku zake za mwisho alipasua kuni kama mtu anayefukuzwa, akazipanga kando ya trela lao la kambi, akazifunika turubai. Verna alipomuuliza ni za nini zote hizo, alijibu, "Utajua tu." Akazikwa kabla hajasema. Na tangu hapo, kila jua linapozama, Verna husikia shoka nyuma ya gereji. Twa! Kimya. Twa! Akitoka, hakuna mtu. Shoka lenyewe limetundikwa ukutani, limeshika kutu.

Mimi sikuwahi kulisikia, na nilishamwambia ni mabati yanagongwa na upepo. Lakini yule mbwa mzee wa Arvid nimemwona kwa macho yangu. Jua likizama huinuka, hujikokota hadi kwenye kona ya gereji, hutazama mahali pasipo na kitu na kutikisa mkia. Siku niliyomwona sikula chakula cha usiku.

"Anadai safari yake," Verna akasema. "Aliandaa kuni za ziwani, kifo kikamkatiza. Nikizichoma kule atapumzika, na mimi nitapata usingizi. Kari ameshanipa neno la mwisho. Nikimtajia tena shoka, anakuja kunichukua, nyumba inauzwa. Nikiondoka hapa, jirani, mimi basi tena."

Kari ni binti yake, anaishi mjini kule kusini, na akisema jambo hulitenda.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Huku kwetu kuni hazisafirishwi. Kila mtoto anajua: zichomwe zilikokatwa, maana yule mdudu wa kijani hujificha ndani ya gogo, akafika msitu mwingine akaumaliza. Hifadhini wanazitwaa langoni, na hata shambani kwa mtu sheria ni ile ile.

"Tutazificha chini ya magodoro," nikasema. "Nani atawapekua vikongwe wawili?"

"Arvid angetupekua," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Kweli kabisa. Kila kiangazi Arvid alijitolea kulinda lile lango, kofia kaivaa upande, na aliwahi kumrudisha shemeji yake mwenyewe, Eino, kaka wa Verna, na kuni zake zote, watoto wakitazama. Eino hakumsemesha hadi Krismasi.

Nikaisukuma ile ramani kando. "We Verna, hebu ngoja. Mtu aliyemfedhehesha kaka yako kwa ajili ya kuni, leo ndiye apasue zake za kupeleka ziwani?"

Alinitazama, uso ukambadilika. Akatoka mbio bila hata kofia, nami nyuma yake. Akavuta turubai, akaokota kipande. Kuni za kambini huwa ndefu, kwa kuwa moto wa nje hauna mlango. Hizi zilikuwa fupi, zote sawasawa, kama kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono.

Akakikumbatia kile kipande, akaingia nacho sebuleni, akapiga magoti mbele ya jiko la chuma lililokuwa halijawashwa tangu msiba. Jiko lile lina mdomo mdogo, wa ubahili. Kuni za kununua haziingii, na Arvid peke yake ndiye aliyelikatia. Kipande kikateleza ndani, kikaenea barabara.

"Zilikuwa za humu," akasema. "Alijua anakwenda. Alinikatia za baridi." Akajipiga paja. "Mjinga mimi! Miaka miwili natetemeka, na mwenzangu anagonga huko nje: washa, mwanamke, washa!"

Tukawasha. Mungu wangu, jinsi nyumba ile ilivyopata joto! Verna akavua koti. Jua likazama, na mbwa hakuinuka. Alijinyoosha mbele ya jiko akakoroma. Verna alikaza sikio, nami nikakaza langu. Hakukuwa na kitu. Nikasema alhamdulillahi.

Simu ikalia. Alikuwa Kari, nikamsikia hadi nilipokaa. "Mama, niambie kweli. Bado unalisikia?"

"Silisikii," Verna akajibu. "Limenyamaza. Usije, nyumba siuzi."

Akaiweka simu. Kisha akaenda kwenye dirisha la nyuma, akalifungua lote, baridi ikatuingilia. Nikamwambia afunge, joto linatoka. Hakunisikia. Alikuwa ameinamia nje kuelekea gereji, mikono imeshika kizingiti.

"Arvid," akaita. "Arvid, piga mara moja tu."