Saikolojia ya Mwalimu Egidius

Kijiji kizima cha Namawala kilijua kwamba Mwalimu Egidius amesoma saikolojia, kwa sababu mwenyewe hakuacha mtu asijue. Mtoto wa jirani akikojoa kitandani, mwalimu alikuwa na maelezo. Mume na mke wakigombana, aliitwa, akaja na shati lake la mikono mirefu, akaeleza habari za kichocheo na itikio mpaka mume akasinzia. Ukweli ni kwamba saikolojia yake yote ilikuwa daftari moja la chuo cha ualimu, saikolojia ya elimu, inayohusu namna mtoto anavyoshika masomo. Ukurasa wa tatu ulitaja matawi mengine: ya tiba, ya ukuaji, ya jamii, ya kazini. Aliyakariri kwa ajili ya mtihani, akafaulu, akayasahau hapohapo. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi kusimulia.

Mtoto pekee wa mwalimu na mkewe, Beno, alifariki kwa degedege akiwa na miaka mitano. Wiki ya tatu baada ya kumzika, mkewe Paskalina alimwambia, huku akipepeta mchele, kwamba anamsikia Beno akiita nyuma ya jiko. Mwalimu aliogopa, na kila alipoogopa alikimbilia daftari. Humo aliona kwamba ukiondoa kichocheo, itikio nalo hufifia. Basi akafungasha nguo za mtoto kwenye kiroba, akazipeleka parokiani zigawiwe. Akawapitia majirani nyumba kwa nyumba, akawaomba wasimwite tena mkewe Mama Beno, wamwite Paskalina. Kwa mkewe mwenyewe alisema kwa upole kabisa, "Hakuna anayeita. Jitahidi, mke wangu. Tusilitaje jina lile humu ndani, utazoea."

Paskalina akajitahidi. Hakulitaja tena, wala hakusema kingine cha maana. Kulia pia aliacha, na mwalimu akaona dawa imeingia.

Mpunga ukianza kutoa masuke, watu wengi wa Namawala huhamia bondeni, wakakaa vibandani na kuamia ndege wasile mpunga mpaka mavuno. Mwalimu alikuwa na vipindi vyake shuleni, akaamua Paskalina aende peke yake. "Utulivu na kazi," alimwambia jirani yake Fulgensi, "hiyo ndiyo tiba." Paskalina hakubisha. Alifunga sufuria na mkeka, akapanda nyuma ya baiskeli ya Fulgensi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alionekana ana haraka. Mwalimu aliifurahia sana haraka ile. Alimpeleka msimu ule, na uliofuata, na uliofuata tena, na kila alipomrudisha nyumbani alikuwa amekonda zaidi.

Msimu wa nne Fulgensi alikuja mpaka mlangoni pa darasa.

"Mwalimu, ndege kweleakwelea wako shambani kwako siku ya tatu leo. Shemeji yupo juu ya dungu la kuamia, amekaa tu, anawaangalia. Nikapiga kelele niwafukuze, akaniambia ninyamaze, eti anamsikiliza mtu."

Chaki ilimdondoka mwalimu. Siku ya kliniki ya akili ilipofika alimpandisha mkewe kwenye bodaboda, wakaenda hospitali Ifakara.

Aliyewapokea alikuwa kijana, Lukelo, mwanasaikolojia tiba aliyekuwa akija hapo mara mbili kwa mwezi. Aliwaamkia wote wawili shikamoo, akaingia na Paskalina chumbani, akafunga mlango. Mwalimu alikaa kwenye benchi. Hakuyashika maneno, lakini sauti ya mkewe aliisikia, ikiendelea na kuendelea, na ilikuwa miaka minne hajaisikia hivyo. Nisimfiche, aliona wivu.

Baadaye, Paskalina alipokwisha kuonwa na daktari pia, Lukelo alimwita mwalimu peke yake.

"Hata mimi nimesoma saikolojia," mwalimu alitangulia.

"Ipi, mwalimu?"

"Ya elimu."

"Hiyo inamfaa mtoto darasani," Lukelo alisema, bila dharau. "Huzuni iliyofika hapa inataka wawili: mimi wa kukaa na mama azungumze, na daktari wa magonjwa ya akili wa kumwandikia dawa. Dawa ameandikiwa. Ila ungemleta mwaka ule wa kwanza. Ugonjwa umekaa mno, siwezi kukuahidi kwamba atarudi kuwa yule uliyemjua." Akachukua kalamu. "Mtoto aliitwa nani?"

Mwalimu akafungua mdomo. Jina halikutoka. Alijaribu tena, akaishia kukohoa.

"Mama anasema alikueleza kwamba anamsikia," Lukelo alisema taratibu. "Anasema ulimwambia hakuna anayeita."

Mwalimu alitoka. Paskalina alikuwa barazani, ameshika pakiti ya vidonge kwa mikono miwili. Alimtazama mumewe usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

"Baba Beno," alisema. "Hivi vidonge vitamnyamazisha?"

"Vitakusaidia kulala."

"Nimekuuliza kama vitamnyamazisha."

Angeweza kudanganya. Alikuwa amewadanganya wengi kwa nia njema, na nia yake haikuwahi kuwa njema kuliko siku ile. Lakini macho ya mkewe yalikuwa yanasubiri.

"Ndiyo," alisema.

Paskalina akamwekea pakiti kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja mpaka vikaifunika.

"Basi kaa navyo," alisema. "Nyumbani ulishamfukuza. Amebaki kule bondeni, na mpunga ukivunwa sijui nitamsikilizia wapi."