Pweza wa Mwamba Uliofungwa

Wifi yangu alijifungua mtoto wa kiume huko Matemwe, na maziwa hayakutoka. Mtoto ananyonya, analia, kisha analala kwa kuchoka tu. Mimi ni mtu wa mjini niliyeolewa shamba, miaka ile ya hamsini, lakini hata sisi wa mjini twajua kuwa mzazi hunyweshwa mchuzi wa pweza. Mama mkwe alishaapa kwamba bintiye hatokosa.

Pweza lakini walikuwa wameadimika. Palipojulikana kuwa wamo ni kipande kimoja cha mwamba, nacho kilikuwa kimefungwa. Desturi ya kule, wazee wakiona bahari imechoka huchomeka mti wenye makuti yaliyopigwa fundo, na havui mtu hapo mpaka mti ung'olewe. Dhamana hiyo ilikuwa mikononi mwa bibi mmoja wa ukoo wa wavyale, wenye asili ya kijiji. Mama mkwe akaenda kwake, nami nyuma.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Nnajua ulilojia. Mjukuu wako anasikika mpaka msikitini."

"Basi nipe pweza mmoja tu. Bahari haitojua."

"Mwanangu wa kumzaa nilipomkatalia, ulicheka mpaka kanga ikakuvuka. Leo nikupe wewe?"

"Mwanao alitaka kwenda kuuza. Mimi nna mzazi ndani!"

Kusema haki, niliwaona wote wawili wana haki. Ningeulizwa mimi, sijui ningesema nini, na hata sasa sijui.

Bibi alitafuna tambuu yake polepole. "Kilichofungwa ni kutwaa," akasema. "Kutazama hakujafungwa. Twende ukatazame, kisha uamue mwenyewe. Mimi sitokushika mkono."

Mume wangu alikuwa seremala. Alikuwa na kisanduku alichokitia kioo chini, kioo cha picha iliyovunjika, akakipaka lami pembeni maji yasipenye. Nikakibeba. Bamvua lile, maji yalipokupwa sana, tukajifunga kanga viunoni tukaupita ule mti wa makuti. Mama mkwe alichukua kijiti chake chenye ncha cha kuchokolea pweza. Bibi alikiona, akatangulia mbele.

Nikaelekeza kioo majini, nikainama. Subhanallah! Nimeishi na bahari tangu kuzaliwa kwangu, nimeila, nimeioga, kumbe sijapata kuiona. Matumbawe ya rangi ya manjano, mengine zambarau, yamejikunja kama masikio. Kiti cha pweza, kile chenye umbo la nyota, chekundu, kimelala juu ya mchanga. Visamaki vya buluu vinaingia na kutoka kama watoto wanaocheza kibe uchochoroni. Huenda naeleza vibaya, skuli sikukaa sana. Najua tu kwamba nilisahau maji yaliyokuwa yakinipanda mapajani, na mama mkwe akawa ananivuta: "Nipe na mimi, wewe! Umelala humo?"

Bibi akamwongoza mpaka kwenye pango dogo lililozibwa nusu kwa vijiwe. Mama mkwe akainama, kijiti tayari mkononi. Kisha akatulia. Akanipa sanduku.

Alikuwamo pweza, amekonda, rangi imempauka. Juu yake, kwenye dari ya pango, mayai yametundikwa shada kwa shada, meupe, kama asumini ambazo hazijachanua. Alikuwa akiyapulizia maji na kuyapapasa kwa ncha za mikono, hili kisha lile. Kaa akapita mlangoni, kitoweo chake hasa, wala asimguse.

"Hali chakula?" akauliza mama mkwe.

"Mpaka wazaliwe," bibi akajibu.

Mama mkwe akakitia kijiti kwapani. "Tumwacheni. Huyu naye mzazi."

Njiani tulinunua samaki, changu mmoja, kwa mvuvi. Wifi alipoona changu sufuriani, akasikia na pweza tumemtazama tukamwacha, akaja juu: "Mama! Mmekwenda kutazama tu, na mwanangu analia?" Alikuwa na haki ya kukasirika. Mama mkwe akakaa kitandani, akamweleza yote, huku akimnywesha mchuzi kwa kijiko. Wifi akanywa.

Maziwa yalianza kutoka baada ya siku chache. Sisemi ni kwa yule changu, wala sisemi pweza asingeyaleta mapema zaidi. Nakumbuka tu mtoto amelibana titi, anameza kwa sauti, na wifi akisema:

"Hebu nieleze tena, mama. Alikuwa akiwapulizia vipi?"