Msiba wa Bibi wa Kivukoni

Mchezo wenyewe niliufahamia chuoni, kwa mwenzangu wa bwenini aliyekuwa na karatasi za kanuni zilizochanika kwenye mikunjo. Mmoja anasimulia nchi ya kubuni, na wengine kila mmoja anachukua mtu wake wa kuishi humo: askari, mwizi, kuhani, mchawi wa vitabuni. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanyaje?" Wanajibu, halafu bahati inaamua kama wamefaulu. Nilipopangiwa kufundisha jiografia huku wilayani Biharamulo, nikaja nao Nyakanazi. Jumapili mchana mji huu ni honi za malori na wapiga debe wa mabasi tu, na mimi kelele zisizo na hadithi ndani yake hunipandisha hasira.

Tulikuwa watatu. Kulikuwa na fundi simu, Msukuma, ambaye wazazi wake walihamia Runazi na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga, na kwao mpaka leo pombe haianzi kunywewa kabla ya kumwagwa kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Kulikuwa na nesi wa kituo cha afya, mtoto wa familia iliyotoka Burundi, mlokole na mwimbaji mkuu wa kwaya. Na mimi, Mhangaza wa Mugoma karibu na mpaka wa Burundi, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni. Tulikaa kwenye kibaraza cha nyuma cha mgahawa wa mama mmoja mpishi, ramani imechorwa nyuma ya kalenda ya zamani. Karatasi zilitaka kete ya pande ishirini, kitu ambacho Nyakanazi hukipati hata ukilia. Nikaokota vizibo vya soda, nikaviandika namba kwa rangi ya kucha, nikavitia kwenye kopo la siagi. Unachomoa bila kutazama. Ishirini ni neema, moja ni balaa.

Vita yetu ya kwanza haikuwa na dubwana lolote. Ilikuwa juu ya Mungu.

Karatasi zilisema nchi ya kubuni iwe na miungu wengi, mmoja wa vita, mmoja wa mavuno, na kadhalika, na kila kuhani achague wake. Nesi aliweka soda yake chini. "Mungu ni mmoja," alisema. "Hata kwenye mchezo."

"Na wazee waliokufa je?" fundi akauliza. "Nao umewafukuza?"

"Sijamfukuza mtu. Nimesema Mungu."

Nikawaambia ni kubuni tu, jamani, ni kama kuigiza. Hakuna aliyenisikiliza. Nilifunga kalenda yangu nikasema basi, tucheze karata kama watu wengine, ndipo wakakubaliana wenyewe: Mungu wa nchi yetu hatatajwa jina, na waliotangulia watakuwepo, wanasikia, ila hawaabudiwi. Mapadri wangu wa Mugoma wangehitaji semina nzima kufika hapo.

Uchawi nao ulituchelewesha. Kwenye karatasi, mchawi anarusha moto mpaka nguvu zinamwishia, analala, anaamka nazo zimejaa tena. "Hilo ni bando la simu," fundi alisema, naye mabando aliyajua. "Dawa ina mwiko. Ukitaka nguvu, kuna kitu unaacha." Akamfungia askari wake hirizi mkononi, na mwiko akajipangia mwenyewe: asile samaki. Tukacheka. Lakini Jumapili moja mama mpishi alimletea sato wa kukaanga, kichwa na mkia nje ya sahani, naye akamrudisha. "Nipe maharage, mama. Siwezi kula samaki wakati huu." Nilimwambia mwenye mwiko ni askari, si yeye. Akanijibu kwa utulivu ulioniudhi sana kwamba hajui huyo askari anaishia wapi, na hataki kujaribu.

Nesi, ambaye mtu wake alikuwa kuhani, naye alileta kanuni yake. Kwenye karatasi, kuhani akiomba mgonjwa apone, mgonjwa anapona, basi. "Hapana," alisema. "Mimi nimeomba wodini. Tuombe, halafu tuchomoe kizibo. Mungu anaweza kukataa." Hatukubishana naye. Mtu anayewafumba maiti macho kazini humwongopei habari za maombi.

Kitu kimoja tu kilimtia hofu. "Mzee wetu wa kanisa akisikia habari za wachawi na hirizi, mimi nimekwisha," alituambia. "Mpiga kinanda alipiga kwenye sherehe ya baa, akasimamishwa huduma mwaka mzima. Na Pasaka tunakwenda kuimba Biharamulo mjini, mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo." Kuimba kwake hakukuwa jambo la Jumapili tu. Alituambia bila aibu kwamba wakimsimamisha kazi atalia, lakini wakimsimamisha kwaya ataumwa.

Nilimtuliza kwamba mzee wa kanisa yuko dukani kwake anauza vipuri vya baiskeli na hana muda wa kibaraza chetu. Hapo sikumhesabu mama mpishi, ambaye jiko lake lilikuwa nyuma ya ukuta wa mabanzi, na ambaye alisali kanisa hilohilo.

Bibi wa Kivukoni nilimtunga mimi, kwa haraka, ili kujaza kijiji. Nilisema tu: kando ya kivuko kuna bibi mgonjwa. Nilidhani wataomba maji na kuendelea na safari. Kuhani wa nesi akaingia ndani, akakaa, na safari ikaishia hapo. Kila Jumapili nesi alimwongezea bibi kitu. Bibi anavuta kiko kidogo cheusi. Bibi anaficha ndizi za kuiva kwenye kikapu chenye mfuniko, na anajifanya hajui nani anaziiba. Bibi akimwita kuhani humwita mjukuu wangu, kwa Kirundi. Nilikuwa nimeandaa pango, majambazi na mfalme aliyerogwa, vyote vikakaa bure. Fundi na askari wake walikuwa wanachanja kuni za bibi. Nilikereka, nakiri, lakini nesi alikuwa anacheza vizuri kiasi kwamba hata mimi nilianza kumpenda huyo bibi.

Jumapili aliyozidiwa, nesi alimwombea. Aliinamisha kichwa na kuomba kwa sauti, maombi ya kweli, ya kanisani kwao, mpaka tukajikuta na sisi tumefumba macho. Akatia mkono kwenye kopo. Akachomoa namba moja.

Ningeweza kusema achomoe tena. Yeye ndiye aliyekataa. "Kanuni ni yangu," alisema, kisha akalia kilio cha msibani, cha kutoka tumboni. Fundi alimshika bega. Mimi nilikunja kalenda taratibu, nikafunika kopo.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumekaa tu, bila hata kufungua kopo, tuliposikia wimbo unakuja kutoka barabarani. Walitokea kina mama wa kanisa, kanga zimefungwa viunoni, mmoja na mzigo wa kuni kichwani, mwingine na unga, mwingine na maharage kwenye ndoo, na mikeka kwapani. Mbele yao mama mpishi, macho mekundu. Nyuma yao, kwenye koti lake la ibada, mzee wa kanisa.

"Bwana Yesu asifiwe," mzee alisema.

"Amina," nesi alijibu, akafunika kopo kwa kiganja.

Mama mpishi akamkumbatia. Hakuwahi kuuliza, alisema, kwa sababu mgonjwa wa mtu humuulizii mpaka uambiwe. Lakini ukuta wa mabanzi hauzuii kitu. Alikuwa amesikia Jumapili baada ya Jumapili jinsi bibi anavyokohoa, anavyokataa uji, na kwamba hana ndugu. Alimwona fundi ameacha samaki, akajua hao watu wamefunga. Akampeleka bibi kwenye maombi ya akina mama, bila jina, "yule bibi wa kivukoni," nao walimwombea kila Jumatano. Waliposikia kilio, wakaanza kukusanya kuni wakingoja kuambiwa siku ya kuzika; hawakuambiwa, wakaja wenyewe.

"Mwili uko wapi?" mzee wa kanisa akauliza. "Tumekuja tujue kaburi linachimbwa wapi."

Kicheko kilinibana kama kwikwi. Nikamtazama fundi, nikaona naye anauma mdomo, nikatazama chini haraka. Na hapohapo nilitamani ardhi ipasuke, maana kuni zile zilikuwa kavu, zimechaguliwa, na mtu alizitoa jikoni kwake.

Nesi alisimama akaeleza yote. Hakujificha nyuma yangu wala nyuma ya fundi. Alifungua kalenda, akawaonyesha kivuko. Alionyesha vizibo. Alisema bibi hayupo na hajawahi kuwepo, ni mchezo, na ndani ya mchezo wamo wachawi na hirizi, na yeye humo ni kuhani. Akawaomba radhi kwa kuni. Nilitaka kuongeza utetezi, nikafungua mdomo, mama mpishi akanitazama nikaufunga.

Mzee wa kanisa aliokota kizibo, akakigeuza. "Huyo kuhani wako," alisema, "alikuwa anamwomba mungu gani?"

"Wangu, mzee. Nilijaribu kubuni mwingine, nikashindwa. Sijui kuomba kwa mchezo."

Mzee aliendelea kukigeuza kizibo. Nilimwona anafikiria Pasaka, kinanda, na neno atakalosema mbele ya washarika. Nesi alikuwa ameshika ukingo wa meza, na sijawahi kumchukia mtu mwenye koti la heshima kama nilivyomchukia yule kwa kimya chake.

Aliyekivunja ni bibi mmoja mkongwe aliyekuwa amekaa juu ya ndoo ya maharage. "Amezikwa?" aliuliza.

"Nani, bibi?"

"Huyo mgonjwa wenu."

"Hapana," nesi alisema. "Hatukuendelea. Tuliishia alipokufa."

"Basi amerara bira kuzikwa wiki nzima, na sisi tumesimama tunabishana." Akatandika mkeka wake. "Mimi nimemwombea huyo mtu Jumatano zote. Harafu nirudi na maharage yangu nyumbani? Mzikeni."

Wenzake walitazamana, mmoja akacheka, na mikeka ikatandikwa. Mama mpishi alikwenda kuwasha moto. Mimi, msimulizi, nikafungua kalenda mbele ya msiba mkubwa kuliko wowote niliowahi kuutunga. Nikasimulia: watu wa kijiji wamechimba kaburi nyuma ya nyumba, udongo ni mwekundu, jeneza ni la mbao za mtumbwi.

Fundi akanyoosha mkono. "Alale akielekea wapi?" aliuliza. "Kwetu marehemu analazwa akielekea walikotoka wazee wake. Hatuwezi kumweka tu."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Karatasi za kanuni nazo hazikulifikiria. Nikamgeukia nesi, kwa sababu bibi alishakuwa wake.

Nesi hakutazama ramani. Alinyoosha mkono nje ya kibaraza, juu ya paa la gereji, kule linakozama jua. "Kule," alisema. "Ng'ambo ya mto Ruvubu. Kuna kilima chenye migomba, nyumba yake iko katikati, ukipanda kutoka kisimani." Kisha akasema kwamba walipokimbia vita alikuwa mdogo, amebebwa mgongoni na baba yake, na bibi yake alikataa kuondoka kwa sababu ya miguu. Aliwapa ndizi za kwenye kikapu ili wale njiani. Walisikia baadaye kwamba amekufa. Nani alimzika, na kama alizikwa, hawakuambiwa.

Hakuna aliyesema pole, kwa sababu wote walikuwa wameshaanza kulia. Mimi nililia kwa kelele kuliko wenye msiba. Niliwaona wakimbizi wale wakipita Mugoma nilipokuwa mtoto, nikiwa nimesimama kwenye shamba letu la mihogo, na nilichokumbuka miaka yote ni godoro la njano kichwani mwa mtu. Sikuwahi kujiuliza nani alibaki nyuma.

"Basi aelekee huko," fundi alisema kwa sauti ndogo, akageuza kalenda mezani mpaka kivuko kikaelekea Ruvubu.

Mzee wa kanisa alikirudisha kizibo ndani ya kopo. Akafunga vifungo vya koti, akajikohoza. Nesi alimtazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari mwenye majibu mkononi.

"Hatuwezi kushusha jeneza kimya," mzee alisema. "Mwimbaji mkuu, anzisha."

Alianzisha kwa Kirundi, wimbo wa bibi yake. Kina mama waliokulia ng'ambo waliupokea, sisi wengine tukafuata kwa kuvumisha sauti tu, na jikoni maharage yalikuwa yameanza kuchemka.