Punda wa Zebedayo Apeleka Risasi Chumbageni

"Vile vita vya mwaka kumi na nne, Mjerumani angekuwa na punda wangu Kapteni, leo hii tungekuwa tunasalimiana Kijerumani." Zebedayo aliyasema hayo kwenye kipaza sauti cha kwaya, siku ya harambee, mtaa mzima ukisikia na mchungaji akingoja afunge kwa sala.

Zebedayo anauza maji kwa punda Chumbageni, Tanga. Baba yake alikata mkonge Muheza; yeye akachagua kazi yenye masikio marefu. Ila pikipiki za matairi matatu zimemlia wateja, na mkewe Anjela alishakubaliana na mnunuzi wa Korogwe anayetaka punda wa kubebea mahindi.

"Baba Noa, huyu anakula pumba kuliko sisi tunavyokula ugali. Jumatatu anaondoka."

Jumamosi, kabla Jumatatu hiyo haijafika, kikundi cha maigizo cha binti Jumana kilikuwa kionyeshe mtaani Vita vya Kwanza vya Dunia: punda wakiwabebea askari risasi na unga, mpaka mbung'o walipowamaliza porini na mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Jumana alikumbuka yale majigambo, akamwomba Kapteni. Zebedayo akatoa haraka. Punda akiwa msanii, nani atamuuza?

Kapteni akatwishwa masanduku ya risasi yaliyojaa mchanga, jeshi la waigizaji likapanga mstari nyuma yake kuelekea bandarini. Kufika kwa Mama Edgar, akasimama mlangoni. Zebedayo akavuta kamba, akabembeleza. Wapi. Mama Edgar akatoka na ndoo.

"Leo umeleta maji au vita?"

"Risasi, mama."

"Niwekee mbili. Jogoo wa jirani ananisumbua."

Wakasogea. Kapteni akasimama tena mlango wa tatu, na tena wa tano, kila alikowahi kushusha maji.

"Shikamoo yangu irudishe, mzee," Jumana akalalama. "Adui yuko bandarini, sisi tunawagawia akina mama risasi."

Maadui nao, walipochoka kungoja, wakaja wenyewe kutazama.

Mlango wa tano ni wa Mzee Taimur, mwenye goti bovu. Alimshika Kapteni shingo. "Huyu bado anapajua kwangu. Wale wa pikipiki huniachia dumu barabarani. Alhamisi niletee."

"Na mimi," akadakia Mama Edgar.

Anjela, aliyekuwa amejificha nyuma ya jeshi kwa aibu, akajitokeza. "Asubuhi au jioni, mama?"

Jumatatu mnunuzi alifika na kamba mpya. Anjela akamwambia punda yuko kazini.

Dumu la maji la Kapteni, mpaka mlangoni, ni shilingi mia nne.