Nilimfanya Mwigizaji wa Ayalandi Kuwa Mwizi wa Mashamba

Niseme mapema ili usihangaike kunitafutia visingizio: kosa ni langu. Hakuna aliyenituma, sikuwa nimelewa, na shetani msimsingizie. Nilikuwa na akili zangu zote.

Na pole zenu sizitaki. Hapa Rumonge watu wananipa pole kila siku bila kujua wanampa mtu gani. Nimechoka nazo! Ndiyo maana nawaandikia ninyi msionijua.

Nimezaliwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Mama alikimbia Burundi akiwa msichana, akarudi akiwa bibi. Tuliporudi tulikuta shamba la babu, michikichi ile iliyo njia ya Kigwena, lina mwenyewe. Mzee Salvatori. Alipewa na wakubwa wa wakati ule, akalilima, akazaa hapo na kuzika hapo. Mama akapanga chumba mjini, akawa anauza mawese ya kununua kwa watu, yeye ambaye baba yake aliipanda michikichi ile kwa mikono yake. Alitaka kitu kimoja tu: nusu ya shamba lile, ajenge kwake kabla hajafa.

Mimi nilikuwa mtafsiri wa filamu katika banda la sinema. Picha inakwenda, nami na kipaza sauti nawaeleza watu kwa Kiswahili nani anasema nini. Nilikuwa na jina, wacha nijisifu! Watu walikuja kunisikia mimi kuliko kuona picha.

Basi akaja mzungu mmoja kutoka Ayalandi, mwigizaji, mtu wa miaka sabini hivi, mrefu, taya kubwa, macho makali. Shirika moja lilimleta atengeneze mchezo wa jukwaani na watu wanaogombania mashamba. Alihitaji mtu wa kumtafsiria Kiingereza. Nikapatikana mimi niliyesoma sekondari Tanzania.

Nilimchukia kuanzia wiki ya kwanza. Hacheki ovyo, hasifu mtu, na ukikosea anakusimamisha mbele ya wenzako kana kwamba wewe ni mtoto wa shule.

Lakini wakati wa kula alikuwa mtu mwingine. Tulikaa karibu na ziwa na sahani ya ugali na ndagala, dagaa wa huku, akanisimulia maisha yake. Baba yake alikuwa akisambaza mikate katika mji mdogo wa pwani. Alipofika miaka kumi na tisa akaenda mji mkuu kutafuta uigizaji, akafagia jukwaa miaka miwili kabla ya kupewa sentensi moja ya kusema: "Farasi wako tayari, bwana." Moja! Akaitembeza sentensi hiyo mji hadi mji, kwenye mvua, kwenye mabasi mabovu, mpaka wakampa nyingine.

Filamu zilimwita akiwa mtu mzima, na kwa sababu ya sura ile akapewa ubaya tu. Msaliti, muuaji, askari katili. Aliuawa kwenye picha mara nyingi kiasi kwamba mkewe aliacha kwenda kumtazama. Halafu pombe ikamshika, kazi ikakatika, mke akaondoka. Alijiokota kwa kuigiza na wafungwa gerezani, na huko ndiko alikojifunza kazi hii ya kupatanisha watu kwa mchezo.

Nami moyoni nasema, miaka yote hiyo na hata gari hana! Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Siku moja akanieleza filamu iliyomletea sifa. Humo yeye ni msimamizi wa mashamba ya tajiri. Anamfukuza mjane nyumbani kwake na kuchoma paa la nyasi huku watoto wanalia. Akaniambia mama wa bibi yake alifukuzwa hivyohivyo, kwenye mvua, pamoja na wadogo zake wanne. "Nilikubali kucheza ili watu waione sura ya aliyefanya vile," alisema. Filamu ilipotoka, wazee wa kijiji chake walikataa kumpa mkono, mpaka akawaeleza.

Aliniambia hayo mimi, ndagala ikiwa mkononi mwake. Kwa hiyo nilijua. Tafadhali likumbuke hilo unaponisoma: nilijua!

Mchezo wake ulikuwa hivi. Watu wanabadilishana nafasi. Aliyerudi anakuwa mwenye shamba, na mwenye shamba anakuwa aliyerudi. Mimi nikapewa kuwa mzee Salvatori, na mzee Salvatori mwenyewe akapewa kuwa mama yangu.

Nikaingia na sauti yangu ya sinema, ile inayotikisa mabati. Akanisimamisha. "Unapiga kelele. Mzee huyu anaogopa. Hofu yake iko wapi?" Nikarudia. Akanisimamisha. Nilirudia mpaka wenzangu wakaanza kucheka chinichini, na mama yangu yuko pale kwenye benchi anatazama.

Ikafika zamu ya mzee Salvatori. Amejitwika furushi, amejifunga kitenge cha mama, anatembea polepole mpaka kwenye mlango wa kuchora. Tukadhani tutacheka. Akapiga hodi. Akasema, "Mimi ni mutoto wa hapa. Michikichi ya papa iko hapa." Akakaa chini na furushi lake, mzee mzima, akalia.

Alipoinuka alimwendea mama. "Mama, sikuwaka najua iko nzito hivi. Siku ya mchezo, mbele ya bashingantahe, nitaonyesha mpaka. Tutagawa nusu kwa nusu."

Bashingantahe ni wale wazee wa mtaa wanaoamua mambo ya watu. Mama alipiga magoti. Wote walilia, hata mzungu aligeuka akapangusa macho. Kisha akampigia mzee Salvatori makofi, na wote wakafuata.

Na mimi? Shamba letu lilikuwa limerudi, nami nasikia wivu wa makofi! Naona aibu kuandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jioni ile mzungu akaniambia siku ya mchezo sitaigiza, nitatafsiri tu. "Unapenda sauti yako kuliko mtu unayemwigiza," alisema. Neno hilo lilinichoma kama pilipili kwenye kidonda.

Nikaenda duka la simu wakanitafutia filamu ile. Jumapili mchana banda lilijaa, na humo alikuwemo binti wa mzee Salvatori na mumewe. Mzungu alipotokea kwenye picha juu ya farasi, nikashika kipaza sauti: "Mnamwona huyu? Huu siyo mchezo! Hii ndiyo kazi yake ya kweli kwao, kuwafukuza wajane. Ndiyo aliyokuja kuifanya na hapa!"

"Iko yeye! Iko yeye kabisa!" Banda zima likasimama.

Mnashangaa kwa nini waliniamini? Sauti yangu ndiyo waliyoizoea kuwaambia kila kitu kinachosemwa kwenye kioo. Hawakuwa na nyingine.

Nilijua namharibia mzungu jina, na nilitaka hivyo hasa! Shamba sikulifikiria, maana nilidhani limekwisha kuwa letu. Neno limetoka, mzee amelia, nini tena?

Kesho yake mzee Salvatori hakuja mazoezini. Mzungu na mimi tukamfuata kwake. Ua ulikuwa umejaa watu, waliorudi na waliobaki, kwa mara ya kwanza wamekaa upande mmoja.

"Mwambie huyu," mzee akaniambia. "Nilikuwa tayari kukata shamba na mama yako. Binti yangu amemwona kwenye picha anafukuza mjane. Kumbe anatupatanisha ajue mipaka yetu, kisha abebe yote. Batoto bangu batakula nini?"

Nikamtafsiria mzungu, hilo nililitafsiri vizuri. Akavua kofia. Akasema taratibu, kwa maneno mepesi, ili nisipate taabu: yule kwenye picha siye yeye, ile ni kazi ya mwigizaji. Mama wa bibi yake alitupwa nje vilevile. Aliicheza sura ile kwa ajili ya mama huyo.

Macho yote yakaja kwangu.

Hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu! Sentensi tatu tu. Nilikuwa nazo mdomoni.

Nikasema, "Anasema ile ilikuwa kazi yake, na alilipwa vizuri."

Mwanamke mmoja alitema mate. Wengine wakaanza kupiga kelele aondoke. Mzungu hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Mtu aliyesoma nyuso za watu maisha yake yote, ningemficha nini?

"Hayo siyo niliyosema," aliniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo.

Niliwatazama kuku wa mzee Salvatori wakichakura. Wiki hiyohiyo gari likampeleka Bujumbura, na mchezo ukafa.

Nikaenda kwa mzee Salvatori kuulizia mpaka wetu. Kwa kujiamini kabisa!

"Mpaka gani?" akaniuliza.

"Neno ulilompa mama, muzee."

"Nililisema mbele ya nani? Bashingantahe walikuwa wapi? Pombe ya ushahidi nani alikunywa? Huku neno la shamba linasemwa mbele yao, batu banakunywa, njo linakuwa neno. Wewe ulikulia Tanzania, haujue."

Kweli sikujua. Siku ya mchezo ndiyo ingekuwa siku ya neno, na siku hiyo niliiua mimi.

Kabla ya mvua akauza shamba lote kwa mfanyabiashara wa Bujumbura, kwa hofu kwamba mwingine atakuja kulidai. Sasa lina uzio wa waya na mlinzi asiyetujua. Mama alikwenda mara moja kulitazama akiwa nje ya waya. Hajarudi huko tena.

Miguu yake imevimba, hatoki chumbani. Na kila anayekuja kumwona anamweleza kwa fahari: "Mutoto wangu njo alitufumbua macho. Bila yeye ule muzungu angetumaliza. Murakoze, asante Mungu kwa kunipa mutoto ule." Majirani wanaitikia, wananishika mkono. Kuna mmoja aliniletea kuku!

Nimejaribu kumwambia. Nimekaa ukingoni mwa kitanda chake zaidi ya mara moja, nikafungua mdomo huu uliojaa maneno ya watu wengine, likakosekana la kwangu.

Basi wewe unayesemea mtu mwingine, mahakamani, kanisani, kwenye mkutano, popote, nisikilize. Ukiona unamchukia, kataa kazi hiyo. Sema unaumwa, sema umesafiri, waache watafute mwingine. Usijidanganye kwamba utamkata yeye peke yake! Mimi nilitaka kumwaibisha mzee mmoja mgeni, nikamnyang'anya mama yangu nyumba.

Kila asubuhi mama anasali kwa sauti. Anamwomba Mungu amlaani mtu aliyesababisha akose shamba la baba yake, popote alipo, asipate kupumzika. Anaponyamaza ananigeukia, anasubiri niitikie.

Nami naitikia Amina.