Fluti Kwapani

Kila jioni nikifunga duka langu hapa Beni, kufuli iliyoshinda juani huniachia harufu ya chuma mkononi, na ninamkumbuka Papa.

Papa alipiga fluti ya chuma. Hakuwa na bwana wa kumwajiri. Alipiga kwenye ndoa na mazishi, siku nyingine alifundisha watoto wa watu nyumba hadi nyumba kule Kimemi, mtaa wetu wa Butembo. Asubuhi za huko ni za baridi, na fluti yenye baridi hushuka sauti. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuibeba kwapani, ndani ya sweta, mpaka aitake.

Siku tuliyomzika Mama, nilimpa Papa fluti ikiwa na joto. Akaiweka mdomoni, akapuliza. Ukatoka upepo tu.

"Shemeji, ingali baridi?" tantine, dada ya Mama, akauliza polepole.

"Hapana. Ni midomo inatetemeka."

Akapuliza tena. Upepo. Wanaume walioshika kamba za jeneza walimngoja, kwa kuwa Mama alikuwa ameomba ashushwe kaburini huku fluti ya mume wake ikilia. Kisha Papa akanirudishia.

"Piga weye."

"Papa, mimi hapana jua."

"Ile noti moja nilikufundisha. Inatosha."

Nikapuliza. Ikatoka nyembamba, ikayumba, wanaume wakaanza kulegeza kamba. Pumzi ikaniishia jeneza likiwa bado halijafika chini. Papa akanishika bega, akasema kama alivyowaambia wanafunzi wake:

"Vuta pumuzi. Tena."