Askari wa Bure

Nilianza kuucheza mwanzo ule mbovu wa sataranji mwaka ambao uvimbe ulitokea shingoni mwa baba yangu. Nilikuwa karani katika duka la jumla la vitabu na kalamu pale Ngara. Saa ya chakula cha mchana, badala ya kula, nilipanda hadi saiba, chumba cha kukodi kompyuta zenye intaneti, iliyokuwa juu ya duka la viatu, nikacheza mtandaoni na watu nisiowajua, kila mmoja wetu akiwa na dakika tatu tu.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa kijinga. Mpinzani akisogeza askari wa mbele ya malkia wake, nilimpa askari wangu hapo hapo, bure. Kisha malkia wangu alitoka mbio, akamtishia mfalme, akala askari wa pembeni. Mpinzani akimfukuza kwa askofu, ameingia mtegoni, mfalme wake anafia nyumbani. Akitoa farasi, mimi ndiye nimekwisha. Wachezaji wazuri wote walilijua hilo. Nilikaa nikingoja kuona ni askofu au ni farasi, na kwa kile kitambo kifupi sikufikiria shingo ya mtu yeyote.

Baba alikuwa mkaguzi wa nyama mstaafu, amefanya kazi machinjioni Dagoretti tangu ujana wake. Ndiye aliyenifundisha sataranji, sebuleni kwetu Kinoo. Alicheza polepole mno, chai ikapoa mkononi.

Siku ya kuchukua majibu ya kipimo, hospitali ilituambia daktari atatuona alasiri. Baba aliitazama benchi ya kungojea, akakaza skafu yake.

"Hapa sikai," alisema. "Nipeleke huko unakochezea."

Mama mwenye saiba alimpa kiti. "Karibu, mzee." Nilitaka kumwonyesha baba mchezo wa heshima, lakini mpinzani alipomsogeza yule askari, mkono wangu ulifanya ulichozoea.

"Umempa bure?" baba aliuliza.

"Ni mtego, Baba."

"Na akiujua?"

"Basi nimeshindwa."

Malkia alitoka, akatishia, akala. Halafu intaneti ikakwama. Skrini iliganda huku nikijua kwamba saa zinakwenda mahali fulani tusipopaona. Nilisikia baba akipumua kwa shida kidogo, ule mkoromo mwembamba alioanza nao tangu Pasaka, na nikatamani skrini isifunguke kamwe.

Ilifunguka. Farasi.

Nilipeleka mkono kwenye kitufe cha kukubali kushindwa. Baba akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Mama," alisema, kama alivyozoea kuniita mimi bintiye, "bado hujafa. Cheza."

"Baba, hakuna kitu hapa."

"Cheza tu. Rudisha malkia."

Nikacheza. Alininong'onezea, "Huyo, hapana, yule," nami nikabonyeza, jasho likinitoka kwapani. Kwa mara ya kwanza nilimwona baba akiharakisha. Tulipoteza ngome, kisha askari mmoja mmoja, na mwisho mfalme wetu akabanwa kona. Baba aliegemea nyuma, akajifuta uso.

"Huyo mtu anacheza vizuri," alisema. "Twende."

Tulirudi hospitali kwa miguu, kwa sababu alikataa gari. Njiani nilimuuliza kama anaogopa. Alisema anaogopa tangu Pasaka, ila hakutaka kuniambia kwa vile aliona mimi nimeacha kula.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alifungua faili, akasoma, akageuza ukurasa, na mimi nikashika ukingo wa meza yake kama mtu aliye juu ya ngazi. "Mzee, hii si saratani," alisema. "Ni TB ya tezi. Utakunywa dawa kwa miezi kadhaa, bila kuruka hata siku moja."

Baba alimshukuru kwa sauti ya kawaida. Mimi ndiye niliyelia, mpaka nesi akanitoa nje.

Wiki hiyo hiyo alinipigia simu kazini asubuhi, sauti imepanda. "Mkojo wangu umekuwa rangi ya chungwa! Nimekwisha!" Nilikimbia hadi duka la dawa la jirani nikiwa na aproni ya kazi. Mhudumu alicheka: ni rangi ya dawa tu, alisema, mwambie anywe maji mengi. Nilimpigia nikamwambia.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, Baba."

"Hebu muulize tena," akasema, nami nikamgeukia mhudumu, nikamuuliza tena.